Kuuza Safari Ukiwa Nyumbani Kafutuma

Vijana wa Kafutuma na wa vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, wanaofikiria kuwa mawakala wa safari huanza karibu wote na ndeke, yaani ndege. Wanauliza namba ya IATA, chama cha mashirika ya ndege, inapatikanaje, tikiti ya Dubai inaacha faida gani, ofisi itahitaji kompyuta ngapi. Ningewaomba waiache ndeke kwanza, waende stendi ya mabasi Kashikishi alfajiri, watazame. Pale kuna kazi ambayo bado haijapata mwenyewe. Kuna mama mwenye magunia ya dagaa wa chisense anayekwenda Copperbelt na hajui gari lipi lina nafasi ya mzigo. Kuna mgonjwa aliyeandikiwa rufaa na Hospitali ya Misheni ya St. Paul's kwenda Mansa au Lusaka, na ndugu wanaomsindikiza hawajui watalala wapi. Kuna mwanafunzi anayerudi bwenini na sanduku lake. Kuna msiba uliotokea Ndola usiku, na ukoo mzima unatafuta viti vya asubuhi. Hawa watasafiri hata kama wewe hupo. Kazi ya wakala ni kuipa safari yao mpango na mtu wa kuisimamia, na kulipwa kwa kazi hiyo.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi wanadhani wakala huishi kwa kamisheni. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Shirika la ndege lilimlipa wakala asilimia fulani ya kila tikiti, naye akatulia. Mwaka 1995 shirika la Delta la Marekani likaweka kikomo cha kamisheni hiyo, na mwaka 2002 likaifuta kamisheni ya msingi kwa mawakala wa Marekani. Mashirika mengine yakafuata. Mawakala wengi walifunga milango. Waliobaki ni wale waliojifunza kumtoza mteja ada ya huduma waziwazi, kwa kuwa walikuwa na huduma ya kumpa. Anayeanza leo Kafutuma aanzie hapo walipofika wale, asianzie pale walipoanguka.

Kwa hiyo siku ya kwanza amua ada yako na uitaje kabla ya kupokea hata ngwee moja. Nauli ni hii, inakwenda kwa mwenye basi. Ada yangu ni hii, kwa kukushikia kiti, kukupangia mahali pa kulala na kupokea simu yako ukikwama. Mteja aliyeambiwa hivyo hatakulaumu hata akiona ada ni kubwa kidogo; ataikataa au ataikubali. Lakini akigundua umemwongezea nauli kimyakimya, habari itafika Mununga kabla yake. Kwenye mwambao huu watu wanajuana, na jina la mtu husafiri haraka kuliko basi.

Huduma inayostahili ada ni ujuzi wa njia. Kutoka hapa Nchelenge hadi Lusaka ni zaidi ya kilomita 1,000 ukipitia Mansa na Samfya na kutokea Barabara Kuu ya Kaskazini upande wa Serenje. Kanuni iliyotolewa mwaka 2016 ilikataza mabasi ya abiria kuwa barabarani kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, kwa sababu ya ajali za usiku. Maana yake kwako ni moja: basi likichelewa kuondoka, abiria hulala njiani. Mgonjwa mwenye miadi Lusaka Jumatano asubuhi asipande Jumanne. Mpeleke Jumatatu, mtafutie chumba karibu na Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu au Hospitali ya Saratani, mahali ambapo ndugu anaweza kutembea kwa miguu na bakuli la uji. Ukilipanga hilo vizuri mara moja, familia hiyo haitamtafuta mtu mwingine tena.

Anayekwenda Mufulira, Kitwe au Ndola ana njia fupi zaidi kupitia Chembe, penye daraja lililofunguliwa mwaka 2008 mahali palipokuwa na pantoni. Baada ya daraja anaingia ardhi ya Congo, anakatiza kipande chake, kisha anarudi Zambia hapo Mokambo. Huo ni mpaka unaovukwa mara mbili katika safari moja ya ndani ya nchi. Wapo abiria wanaoujua mpaka huo kwa mara ya kwanza pale afisa anapoingia ndani ya basi kuuliza karatasi. Wakala mzuri huuliza karatasi kabla ya kuuliza tarehe. Mtu asiye na kitambulisho mkononi apitie Serenje, hata kama ni mbali, au asubiri apate kitambulisho.

Kuna mtego mwingine wa mahali. Kilwa ni mbili katika ziwa hili. Kipo Kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia na kina wavuvi wake, na upo mji wa Kilwa ng'ambo, upande wa Congo, wenye njia ya kwenda Lubumbashi. Mtu akikupigia simu kutoka mbali na kusema anataka kufika Kilwa, mwulize atakuwa upande gani wa mpaka usiku huo. Jibu lake ndilo litakaloamua boti, uhamiaji, fedha za kubadilisha na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Congo inakidai.

Kwenye maji usiwe mpole. Mweru ni ziwa pana, kilomita za mraba zipatazo 5,100, na upepo ukilichafua, boti iliyojazwa kupita kiasi haina pa kukimbilia. Panga safari ya asubuhi. Ijue boti kwa macho yako, umjue nahodha wake, uhesabu jaketi za kuokolea na kuona kama zinafungika. Nahodha akisema hazihitajiki kwa kuwa ni karibu, tafuta mwingine. Unaweza kupoteza ada ya siku ile na usipoteze kitu kingine. Mteja aliyekasirika leo kwa kuwa ulikataa kumpandisha boti iliyojaa atakuja tena. Wengi wanaoishi ziwani wamezika mtu, na wanaelewa.

Sasa nizungumzie kalenda, kwa kuwa wengi huishiwa fedha kabla hawajaishiwa na wateja. Mwambao huu unaishi kwa samaki. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na fedha huadimika mitaani. Mtu hasafiri ila kwa lazima: msiba, ugonjwa, shule inapofunguliwa Januari. Ada zako zitapungua wakati huohuo ambapo mvua imeharibu barabara za ndani na simu za malalamiko zimeongezeka. Weka akiba ya miezi hiyo kuanzia Machi, kidogo kila wiki, na usiihesabu kuwa faida. Nje ya msimu huo, tazama mwezi. Chisense huvuliwa kwa taa, na taa huvuta samaki vizuri zaidi penye giza. Mwezi ukiwa mpevu uvuvi hulegea, ukifichika hushamiri, na siku chache baadaye magunia yanatafuta gari. Wakala anayefuatilia mwezi ataongea na wenye mabasi mapema juu ya nafasi ya mizigo, wakati wengine wangali wanagombana na kondakta stendi.

Shule zina majira yake: Januari, Mei na Septemba. Wazazi wenye watoto Mbereshi, Kawambwa na Mansa wangefurahi kumkabidhi mtu mmoja watoto kumi wa kijiji kimoja, wapande basi moja, na mzazi apate ujumbe wakifika. Hii ni kazi ya heshima. Beba orodha ya majina na namba za wazazi, mjue dereva, na asikosekane mtu mzima wa kuwapokea. Usilichukue jambo hili kama hujajiandaa kukaa na simu mkononi mpaka mtoto wa mwisho afike.

Halafu inakuja Julai. Mwishoni mwa mwezi huo Walunda hukusanyika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko, pale mtemi wao, Mwata Kazembe, anapocheza ngoma ya ushindi ya wazee wake waliotoka magharibi na kuteka bonde la Luapula. Watoto wa Luapula waishio Lusaka na Copperbelt hurudi, wageni wa nje nao huja, na vyumba vya Mwansabombwe havitoshi. Hapo ndipo aliye Nchelenge ana faida. Ukizunguka gesti za Nchelenge, Kashikishi na Kawambwa mwezi Mei, ukaona vyumba, vitanda, maji na vyandarua, ukakubaliana bei kwa maandishi, utakuwa na kitu cha kumpa mtu anayepiga simu Julai kwa hofu. Vyandarua nimevitaja kwa makusudi. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi sana Zambia, kiasi kwamba watafiti wa ugonjwa huo wamepiga kambi hapa kwa miaka. Mgeni anayekuja kwa ngoma ya siku mbili anahitaji kuambiwa na wewe, kabla hajaondoka kwake, amwone daktari kuhusu dawa za kinga.

Mgeni huyohuyo ukimwongezea siku mbili, nchi yenyewe itakusaidia. Maporomoko ya Ntumbachushi yako kando ya njia ya Kawambwa. Lumangwe, kwenye mto Kalungwishi, ni pazia pana la maji ambalo watu waliofika Mosi-oa-Tunya hulitazama na kuulizana kwa nini hawakuwahi kuambiwa. Mbele kidogo kuna Kabwelume. Kuna ada ya kuingia inayotozwa na tume ya urithi wa taifa. Iingize kwenye hesabu usije ukamwomba mgeni fedha getini. Nenda mwenyewe kabla ya kumpeleka mtu. Njia uliyoisikia kwa wengine haiuziki, kwa kuwa mgeni ataulizia choo kiko wapi na gari dogo linafika mpaka wapi, nawe huna jibu.

Kuhusu fedha nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kazi hii inapovunjika. Wakala wa nyumbani hushika fedha za watu. Asubuhi simu yake ina kwacha elfu kadhaa, na karibu zote si zake: ni nauli, ni vyumba, ni boti. Mchana mtoto anaugua, au shemeji anaomba mkopo wa siku moja, na fedha ziko palepale. Dawa yake ni kuzitenganisha tangu mwanzo. Kuwa na laini mbili za Airtel Money au MTN, moja ya kupokelea fedha za wateja na nyingine ya ada yako. Kila jioni hamisha ada kwenda laini yako. Kinachobaki kwenye laini ya wateja ukione kama amana msikitini au sadaka kanisani, huigusi. Andika kila kitu kwenye daftari la karatasi, hata kama una programu kwenye simu, maana simu huzama majini na umeme hukatika. Mwaka 2024, ukame ulipoipunguza Kariba, nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Wenye daftari waliendelea kufanya kazi.

Toa risiti hata kwa dada yako. Andika jina, njia, tarehe, nauli, ada, na nini kitatokea safari ikiahirishwa. Hilo la mwisho usiliache hewani. Mteja akiahirisha, je, mwenye basi anarudisha nauli? Kama harudishi, mwambie mteja kabla ya kulipa, na jibu hilo liwe kwenye karatasi. Ndugu na majirani wataomba uwakatie tikiti kwa mkopo. Kataa kwa upole na kwa wote sawasawa. Mashirika ya misaada na watafiti nao wanaweza kuomba huduma sasa na malipo mwisho wa mwezi. Ni wateja wazuri, lakini mtaji mdogo hauwezi kubeba gari la siku tano lisilolipwa. Omba angalau nusu kabla, na ukiona aibu kuomba, fikiria aibu ya kumkimbia mwenye gari.

Upande wa serikali si mgumu kama unavyosimuliwa. Jina la biashara husajiliwa PACRA, namba ya mlipakodi hutolewa na ZRA, kibali cha biashara hutoka halmashauri ya wilaya. Sheria ya utalii ya mwaka 2015 inataka biashara za utalii, mawakala wa safari wakiwamo, ziwe na leseni. Kabla hujatundika kibao, uliza Wakala wa Utalii wa Zambia masharti ya ngazi yako. Ukiwa bado unajifunza, fanya kazi chini ya mwenye leseni aliye Mansa au Lusaka, kwa makubaliano yaliyoandikwa, ukimletea wateja naye akikupa sehemu yako. Kodi ya biashara ndogo hukokotolewa kwa mauzo yote, si kwa faida. Daftari lisipoonyesha wazi kwamba nauli ni ya mwenye basi na yako ni ada tu, utajieleza kwa shida mbele ya ofisa wa kodi.

Kuna kundi la wateja ambalo mwambao huu unalo na wengine hawana. Makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wakitoka Congo, na wengi wao husema Kiswahili. Wafanyabiashara wa Pweto na Kilwa ya ng'ambo nao husema Kiswahili. Lugha hii ina miaka mingi hapa: Livingstone alipofika kwa Kazembe wa wakati huo mwaka 1867 alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara wa misafara ya pwani, ameshaishi huko siku nyingi. Ukijua Kibemba, Kiswahili na Kiingereza cha kujaza fomu, una mtaji ambao wakala wa Lusaka hana. Utumie kwa uangalifu. Mkimbizi anahitaji ruhusa kutoka kwa wasimamizi wa makazi ili atoke kwenda mbali. Usimkatie tikiti kabla hujaiona ruhusa hiyo, kwa kuwa atakayeshushwa njiani ni yeye. Majina yake nayo yaandike kama yalivyo kwenye karatasi. Wakongo wengi wana jina la ukoo, jina la pili na jina la Kikristo, na mpangilio wa karatasi zao si ule wa Zambia. Jina likigeuzwa kwenye tikiti ya ndege, mtu anaweza kurudishwa kaunta, na kulirekebisha kunagharimu.

Na kuna mlango ambao nawaomba muufunge kabisa. Siku moja atakuja mtu mwenye maneno mazuri, atasema anatafuta wasichana wa kazi za ndani Ghuba au Lusaka, nauli analipa yeye, kazi yako ni kukusanya pasi zao na kuwapandisha gari. Ada atakayotaja itazidi ya mwezi mzima. Kuwatafutia watu kazi ni biashara nyingine yenye leseni nyingine, chini ya sheria ya ajira ya mwaka 2019, na Zambia ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Usishike pasi ya mtu hata usiku mmoja. Mtu anayetaka kusafiri aje mwenyewe, alipe mwenyewe au kwa ndugu unayemjua, akueleze anakwenda kwa nani. Ukishuku, nenda polisi au uhamiaji Nchelenge siku hiyohiyo. Binti aliyepotea kwa mkono wako hakuna risiti itakayomrudisha.

Sasa nirudi kwenye ndeke. Tangu tarehe 1 Juni 2008 mashirika ya IATA yaliacha tikiti za karatasi, kwa hiyo mtu wa Kafutuma mwenye simu na bando anaweza kumkatia mteja tikiti ya Lusaka hadi Nairobi bila ofisi. Huhitaji namba ya IATA kwa hilo. Fanya kazi kupitia wakala aliyeidhinishwa, yeye atoe tikiti, wewe umhudumie msafiri. Na huduma yenyewe, kwa mtu wa Luapula, iko zaidi chini kuliko angani: afikeje Ndola au Lusaka siku moja kabla, alale wapi, basi lake likichelewa nani ampigie nani. Wakala wa mtandaoni aliye Ulaya humuuzia tikiti inayoondoka saa 1 asubuhi, bila kujua kwamba kutoka Nchelenge hadi uwanjani ni safari ya siku nzima na zaidi.

Usikope kuanza. Simu nzuri, betri ya akiba, daftari, kitabu cha risiti na laini ya pili vinatosha kwa miezi ya kwanza. Chagua njia mbili tu uzijue kikamilifu, kwa mfano Mansa–Lusaka ya wagonjwa na Copperbelt ya wenye mizigo, na ukiombwa ya tatu mpeleke mteja kwa anayeijua. Ukiniuliza uanze lini, nakwambia anza Machi, uvuvi unapofunguliwa na fedha zinaporudi mwambaoni: utakuwa umeizoea kazi kabla ya shule za Mei, na utakuwa na vyumba vyako tayari kabla ya Mutomboko. Desemba hadi Februari itumie kusajili jina, kupanda mabasi hayo wewe mwenyewe, na kuzungumza na madereva na wenye gesti mmoja mmoja.